Kovu la Kaakaa Halionekani, Linasikika

Mdomo ukishonwa, majirani wanaona siku ileile mama anaposhuka melini Nansio. Kaakaa likishonwa hakuna anayeona kitu. Mtoto anarudi nyumbani Ukerewe, Sengerema au Magu, anakunywa uji, wiki tatu zinapita kidonda kimefunga, na familia inahesabu kwamba kazi imekwisha. Mwongozo huu unahusu kinachofuata baada ya wiki hizo tatu, hadi mtoto anapovunja ungo au kubalehe. Naamini watoto wengi wa kanda yetu wanaobaki wakiongea kwa puani hawakukosa upasuaji. Walikosa mtu wa kuwaambia wazazi wao kwamba kovu lilikuwa bado linafanya kazi.

Nasema kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma inayotikisika ukisema "aa" mbele ya kioo, ambako kimeo kinaning'inia. Mbele yake ni kaakaa gumu, lenye mfupa. Mtoto anayezaliwa na mpasuko wa kaakaa, uwe peke yake au pamoja na mdomo sungura, hushonwa sehemu hizo ili zifunge. Kwa Mwanza, wengi hupelekwa kwa rufaa Bugando, hospitali iliyoko kilimani tangu 1971, ambako pia kuna chuo kikuu cha afya cha CUHAS. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Mange Manyama walichapisha tathmini ya midomo sungura na mipasuko ya kaakaa nchini, wakitumia kumbukumbu za wagonjwa wa hapahapa Mwanza. Tatizo hili basi si geni kwa madaktari wetu, na hakuna sababu ya mzazi kulifanya siri.

Wapo pia watu wazima waliokatwa kaakaa kwa mwanga wa leza kwa sababu ya kukoroma. Nitawafikia. Mengi nitakayoyasema kuhusu kovu yanawahusu na wao.

Kinachotokea ndani ya kinywa

Siku za kwanza utaona utando mweupe au wa njano kwenye mshono. Wazazi wengi wanadhani ni usaha. Mara nyingi si usaha, ni gamba la kidonda cha kinywani, ambacho hakikauki kama kidonda cha mguuni kwa sababu mate yanakilowesha saa zote. Usilikwangue wala usilipanguse kwa kitambaa. Kuna pia sehemu za pembeni, karibu na magego, ambazo daktari huziacha wazi makusudi ili nyama ya katikati isogee na kukutana. Hizo hujaa zenyewe kwa wiki mbili au tatu. Nyuzi huyeyuka, na ukiona kipande kimeanguka kwenye kikombe, usiogope.

Damu mbichi, homa, harufu kali inayozidi siku hadi siku, au mtoto kukataa kabisa kunywa: kwa hayo, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usingoje siku ya kliniki.

Baada ya wiki tatu kidonda kimefunga lakini hakina nguvu. Mshono wa umri huo una takriban sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya nyama ya kawaida. Kuanzia hapo hadi mwezi wa tatu kovu huwa gumu, jekundu, na hujivuta. Kujivuta huku ndiko kunakowatisha wazazi, maana sauti iliyokuwa imeanza kuwa nzuri inaweza kurudi nyuma kidogo. Ndani ya kovu kuna chembe hai zinazokaza nyuzi za nyama kama wavuvi wanavyokaza kamba za wavu, na kazi yao haikomi kidonda kinapofunga. Kuanzia mwezi wa sita hivi kovu huanza kulainika. Linakomaa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, na hapo hubaki mstari mweupe. Hata likikomaa, halifikii nguvu yote ya nyama iliyokuwapo.

Kwa hiyo usihukumu matokeo mwezi wa pili. Ukimwona daktari anakwambia "tusubiri", mara nyingi anasubiri kovu lilainike, na hajakutelekeza.

Swali ninaloulizwa sana ni kama kovu litaota nyama kama makovu yanavyoota kwenye vifua na masikio yetu. Nje, juu ya mdomo, linaweza kunyanyuka kwa miezi kadhaa. Ndani ya kinywa jambo hilo ni nadra mno. Kinywa hupona kwa kovu dogo kuliko ngozi. Tatizo la kaakaa ni kovu linalovuta, na linakuwa kubwa zaidi juu ya mfupa wa kaakaa gumu kuliko nyuma kwenye nyama tupu.

Chakula, kwa mtu wa ziwani

Fuata ushauri wa hospitali iliyomfanyia mtoto upasuaji, kwa kuwa madaktari hawafanani. Kwa kawaida wiki mbili hadi tatu za mwanzo ni vya maji na vilaini: uji mwepesi uliopoa, maziwa, mchuzi wa sato uliochujwa kwa chujio la chai, kisha ndizi na viazi vitamu vilivyopondwa hadi vikawa kama uji mzito. Toa kwa kikombe au kijiko kisichoingia ndani sana. Mrija, chuchu ngumu na vidole vya ndugu wanaotaka kuona "palivyoshonwa" viwe mbali.

Hatari zetu za huku ziko wazi. Dagaa wakavu, hata wakisagwa vibaya, wana ncha. Furu na ningu wana miiba midogo isiyoonekana kwenye mchuzi. Michembe na matobolwa ni vitamu lakini vigumu, na muwa ni hatari mara mbili, kwanza kwa ugumu wake, pili kwa sababu mtoto hukimbia nao mdomoni. Mtoto akianguka na kijiti, kalamu au muwa mdomoni, ncha hugonga palepale pa mshono. Kwa hili naomba uwe mkali mwaka mzima wa kwanza, wala usilegeze baada ya mwezi mmoja.

Kila baada ya kula, mpe maji safi ya kunywa ili kinywa kijisafishe. Mtoto mkubwa anaweza kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo. Usipake majivu, ugoro, asali wala dawa ya mizizi juu ya mshono. Moshi nao: ukikausha samaki mwaloni au unapika kwa kuni, mtoto akae upande wa hewa safi miezi hii.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Kovu zuri hutengenezwa na damu nzuri. Ufukweni kwetu kuna malaria, kuna kichocho, na Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Vyote hivyo vinapunguza damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu hupona taratibu, mshono wake ukiwa rahisi kuachia. Ukienda kliniki ya kaakaa, omba na kipimo cha damu. Kama ana selimundu, watakaomshona wajue kabla ya kumshona, na wewe uendelee na kliniki yake bila kukatisha kwa sababu ya upasuaji.

Kitundu

Wakati mwingine, hasa pale kaakaa gumu linapokutana na laini, mshono huachia na kubaki kitundu. Dalili yake ni maziwa au uji kutoka puani wiki kadhaa baada ya kupona, na wakati mwingine punje ya wali kukwama mle. Usizibe kwa pamba. Andika tarehe ulipoanza kuona, chakula gani kinatoka, na kama kinatoka kila mlo au mara mojamoja. Vitundu vingine vidogo hujiziba. Visivyojiziba hushonwa tena, ila si haraka: kwa kawaida husubiriwa angalau miezi sita, nyama ilainike na damu ipite vizuri. Mzazi anayezunguka hospitali tatu akitafuta atakayeshona mwezi ujao anaweza kumpata, na nyama ngumu ikashonwa juu ya nyama ngumu, kitundu kikarudi kikubwa zaidi.

Sauti

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo.

Tunaposema p, b, t, d, k, g, s au ch, kaakaa laini hunyanyuka na kuziba njia ya puani, hewa yote ikatoka mdomoni kwa nguvu. Tunaposema m, n, ny na ng', kaakaa hushuka na hewa hupita puani. Kaakaa likiwa fupi, au kovu likilikaza lisinyanyuke, "baba" inasikika kama "mama", na "pata" inakosa nguvu. Mtoto mwerevu hutafuta njia yake mwenyewe: hukata hewa kooni badala ya midomoni, kila p, t na k ikawa mkwamo wa kooni. Akishazoea hivyo, hata kaakaa likitengenezwa upya mazoea yanabaki. Hapo upasuaji peke yake hautoshi, anahitaji mtaalamu wa matamshi, na wataalamu hao nchini ni wachache. Ndiyo maana kuwahi kuna thamani kubwa hivi.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Mtoto akifika miaka mitatu au minne na anaweza kurudia sentensi, shika kioo kidogo kilichopoa chini ya matundu ya pua yake. Mwambie arudie "Kaka kapika chapati", kisha "Baba apasua papai". Sentensi hizi hazina sauti ya puani hata moja, kwa hiyo kioo kinapaswa kubaki kikavu. Halafu mwambie aseme "Mama ananunua nyama". Sasa kioo kiingie ukungu, ndivyo inavyotakiwa. Mwambie asipumue kwa pua katikati ya sentensi, maana ukungu wa pumzi utakudanganya.

Kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kikerewe, tafuta maneno ya lugha yenu yasiyo na m, n wala ng', kwa kuwa mtoto hutamka vizuri zaidi lugha anayoiota. Kisukuma kimejaa sauti za puani, hata "mwangaluka" tunayosalimiana asubuhi huanza nazo. Mtoto anaweza kusalimia vizuri kabisa, bibi akaridhika, na tatizo likabaki limefichika hadi mwalimu wa Kiswahili amwite asome mbele ya darasa.

Kioo kikiingia ukungu pasipotakiwa, usimhukumu mtoto wala daktari wake. Peleka taarifa. Uchunguzi wa kitaalamu unatakiwa ufanyike mapema, ikiwezekana kabla ya darasa la kwanza, kwa sababu kuna upasuaji wa pili wa kurefusha kaakaa au kupunguza njia ya puani, na huleta matokeo mazuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo.

Utashauriwa umpulizishe mtoto mapulizo, firimbi au mrija kwenye maji ili kaakaa lipate nguvu. Wanaoshauri wana nia njema. Wataalamu wa matamshi wameshaachana na zoezi hilo: kupuliza kunamfundisha mtoto kupuliza, na hakubadilishi matamshi. Tumia muda huo kumsomea, kuimba naye, na kumwonyesha midomo yako unapotamka p na b. Usilisugue kaakaa kwa kidole pia. Kovu la mdomo wa nje unaweza kulikanda taratibu, daktari akikuruhusu, lakini la ndani liache.

Masikio huenda pamoja na kaakaa. Msuli unaofungua mrija kati ya koo na sikio umejishikiza palepale penye mpasuko, hivyo maji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu. Mtoto haitiki ukimwita kutoka jikoni, tunasema ni mkaidi. Apimwe masikio kila anapoenda kliniki ya kaakaa, hata kama hasemi yanauma.

Wasiguse kimeo, wala nyama za puani bila kuuliza

Mtoto akikohoa muda mrefu, akitapika au akikonda, kuna nyumba nyingi bado zinazompeleka kwa fundi akatwe kimeo. Kwa mtoto yeyote hilo ni hatari: damu nyingi, pepopunda, maambukizi ya kisu kilichotumika kwa wengine. Kwa mtoto mwenye kovu la kaakaa ni kuharibu kazi yote, kwa sababu kisu kinaanzia palepale misuli iliposhonwa pamoja. Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa kifua, kikiwamo kifua kikuu.

Kuna mtoto mwingine ninayemwonea huruma zaidi, ambaye hakuna aliyejua ana tatizo. Kaakaa lake linaonekana zima kwa juu, lakini misuli ya ndani haijaungana. Mara nyingi alama pekee inayoonekana ni kimeo chenye ncha mbili, kama ulimi wa nyoka. Fundi akikikata, ameondoa alama, na mtoto anakua akiongea kwa puani bila mtu kujua sababu. Mbele ya dirisha, mwambie mwanao afungue mdomo na kusema "aa". Ukiona kimeo cha pacha, na matamshi yake yanapita puani, nenda hospitali.

Vivyo hivyo nyama za puani. Kwa watoto wengi kuziondoa ni matibabu mazuri. Lakini mwenye kaakaa lililoshonwa, au mwenye kimeo cha pacha, huenda anazitegemea nyama hizo: kaakaa lake fupi linazifikia na kuziba njia. Zikitolewa, sauti inaweza kuharibika wiki hiyohiyo. Mwambie daktari wa pua na koo kuhusu kaakaa kabla hajapanga tarehe, hata kama upasuaji ulifanyika miaka minane iliyopita na kadi imepotea.

Na hata zisipotolewa, husinyaa zenyewe mtoto anapokaribia kubalehe. Ndiyo maana kijana aliyeongea vizuri darasa la pili anaweza kuanza kuongea kwa puani akiwa darasa la saba. Wazazi husema anaiga, au amekuwa mwoga. Mara nyingi njia imepanuka, na kaakaa lenye kovu halifiki tena upande wa pili.

Uso unakua, kovu halikui nao

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliopima nyuso za watoto zaidi ya 3,000 wa Mwanza, kutafuta jeni zinazohusiana na ukubwa na umbo la uso. Umbo hilo linaendelea kujengwa hadi mwisho wa ujana. Kovu juu ya kaakaa gumu halina mnyumbuliko, linaweza kuzuia taya la juu lisisogee mbele wala lisipanuke. Utaona meno ya juu yakiingia ndani ya ya chini. Kama mpasuko ulipita kwenye ufizi, kati ya miaka saba na kumi na moja hivi kuna hatua ya kupandikiza mfupa, kabla jino la chonge halijashuka. Ukikosa kipindi hicho kazi inakuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo kliniki hazikomi mtoto anapoanza shule. Punguza hadi mara moja kwa mwaka, lakini usikate. Kwa anayetoka Sengerema au Geita safari imepungua ugumu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025.

Kwa waliokatwa kwa leza

Njia ya kukata kimeo na ukingo wa kaakaa laini kwa leza ili kupunguza kukoroma ilianzishwa na daktari Yves-Victor Kamami, mjini Paris, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1990. Baadhi ya watu wetu wamefanyiwa njia hiyo Nairobi, India au Ulaya. Leza hukata na kuziba mishipa midogo kwa joto, kwa hiyo damu ni kidogo, lakini joto hilo huunguza nyama ya pembeni, na kidonda kinauma kwa siku kumi hadi kumi na nne. Kujivuta kwa kovu, ambako kwa mtoto wa mpasuko tunakuogopa, hapa ndiko kulikokusudiwa: kovu linakaza kaakaa lisipigepige.

Tegemea koo kavu na hisia kama kuna mwiba wa samaki uliokwama. Kwa wengi hupungua kadiri kovu linavyolainika mwaka wa kwanza, kwa wengine hubaki. Maji ya mara kwa mara husaidia, na sigara, gongo na pilipili kali huzidisha. Vinywaji kutoka puani baada ya miezi mitatu si kawaida, wala pua kuziba mfululizo, kwa maana kovu linaweza kubana njia nyuma ya kaakaa. Mwone daktari wa pua na koo.

Mwambie mkeo au mumeo akusikilize usiku. Leza inaweza kuondoa kelele na kuacha ugonjwa: pumzi inakatika, mtu anashtuka akihema, na mchana anasinzia kwenye usukani wa daladala. Kukoroma pia hurudi kwa wengi baada ya muda, hasa uzito ukiongezeka. Ukimya wa usiku si ushahidi kwamba umepona.

Cha kubeba kliniki

Madaktari hubadilika, mafaili hupotea, simu ya mzazi hubaki. Piga picha kila ukurasa wa kadi na maelezo ya upasuaji. Kisha, kuanzia mtoto anapoweza kurudia sentensi, mrekodi kila baada ya miezi mitatu, sehemu tulivu, simu ikiwa umbali uleule, akisema maneno yaleyale. Mwanzoni ataje jina lake na umri wake, ili daktari wa miaka kumi ijayo ajue anamsikiliza mtoto wa miaka mingapi. Kisha:

Kaka kapika chapati.
Baba apasua papai.
Sisi tupo hapa.
Mama ananunua nyama.